Mtungi Uliofunikwa Kitenge

Sifa, mama yangu,

Mmetoka wewe na Mama yako kwenda kuaga watu wa kwaya, na najua hamtarudi upesi, maana kila nyumba mtakayopita mtaambiwa mkae, mle kidogo, muombewe. Nimesogeza pembeni ile frigo ya mwenye duka la Fanta, nikapangusa meza, nikakaa kwenye kiti chako. Changu kinayumba, unajua.

Sitakuandikia habari za kuvaa soksi mbili wala za kutunza pasipoti. Mama yako ameyasema yote hayo, na ninavyoona anayarudia ili tu awe na neno la kukuambia. Mimi hata neno la kurudia sina. Jana mezani nilijaribu. Nilianza, "Sifa, kule unaenda…" halafu nikaomba chumvi. Maharage yalikuwa na chumvi ya kutosha. Wewe ulinipa. Ndiyo maana naandika. Karatasi haiwezi kunitazama usoni ikaniona nikitafuta chumvi.

Watu wote hapa kambini Dzaleka wanakutisha na baridi ya Kanada. Mimi nimefanya kazi ya baridi maisha yangu yote na sijawahi kuiona ikija yenyewe kutoka mbinguni. Baridi yote niliyoijua niliitengeneza, au niliona wengine wakiitengeneza kwa kelele na jasho. Wewe kesho unapanda ndege kwenda mahali ambapo mtu anafungua mlango tu na baridi inamsubiri nje. Nimefikiria jambo hilo wiki nzima na bado linanishangaza.

Kiwanda cha barafu cha Uvira, kule kwetu Kongo, sijakusimulia vizuri. Nilikuwa nasema tu "kule kiwandani", kana kwamba wewe ulikuwepo. Niliingia pale kubeba vipande vya barafu mgongoni, na gunia likiwa kinga yangu pekee. Mkubwa wetu alikuwa Papa Mulonda, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Sijui aliona nini kwangu. Siku moja aliniita kwenye mashine, akanishika mkono na kuuweka kwenye bomba lililotoka kwenye kompresa. Niliurudisha haraka, lilikuwa la moto. Akanipeleka mbele, pale ambapo gesi ilikuwa imeshapita kwenye maji ya ziwa. Bomba lilikuwa vuguvugu. Kisha akanipeleka upande wa pili wa vali, na hapo ngozi yangu ilinata kwenye chuma.

"Ni gesi moja," akasema. "Pale nimeikandamiza, imepata moto. Hapa nimeinyang'anya ule moto, imekuwa maji. Huku nimeiachia nafasi, inataka kurudi kuwa gesi. Lakini haiwezi kurudi bila joto. Sasa itatoa wapi joto? Inaliiba kwenye maji yetu, na maji yanakuwa barafu."

Sisi mafundi tunaita maji kila kitu kinachomwagika. Gesi ya kiwandani ilikuwa ile kali inayotoa machozi, amonia, na ikigeuka maji huwezi kuinywa. Lakini nilielewa. Nilisimama pale nikiyarudia yale mabomba matatu, moto, vuguvugu, baridi, nikaweka mkono tena, na tena. Papa Mulonda aliniacha. Tangu siku hiyo sikubeba barafu.

Nikiikumbuka Uvira, vita haviji kwanza kichwani. Inakuja sauti ya kipande cha barafu kikiteleza kwenye sakafu yenye maji, na mama wa samaki wakigombana nani alifika mbele. Walikuja na samaki wao, ndagala na mikeke, wakaondoka na barafu imefungwa kwenye pumba za mchele, wakikimbia kwa sababu jua lilikuwa linakimbizana nao. Hapa kambini, kukiwa na joto sana mwezi wa kumi, wakati mwingine nafungua frigo ya mteja iliyoanza kugandisha, naingiza kichwa ndani. Uliwahi kunikuta na ukacheka. Ulidhani natafuta kasoro.

Siku tuliyokimbia, milio ya risasi ilikuwa imeshasogea karibu. Mama yako alikuwa na mimba yako. Nilipita kiwandani kumchukua Papa Mulonda, nikamkuta ametumbukiza mpira wa bomba kwenye tangi la maji na anafungua vali kidogo kidogo. Alikuwa anatoa amonia yote kwenye mashine, anainywesha maji. Nikamwambia, "Papa, twende, batu bote bameondoka."

"Si bote," akasema. "Nyuma ya huu ukuta kuna nyumba za batu. Risasi moja ikitoboa hii chombo, hakuna mutoto atapumua huku. We enda na bibi yako. Mi ninamaliza, ninakuja."

Niliondoka. Sijawahi kujua kama alimaliza. Nimeuliza watu wa Uvira wanaofika hapa kambini, mwaka baada ya mwaka, wazee na vijana, na hakuna aliyeniambia kitu. Sikusimulii habari zake ili uhuzunike. Nakusimulia kwa sababu kuna watu utawakumbuka kwa muda mrefu kuliko muda ulioishi nao, na huo si ugonjwa. Usijilazimishe kupona.

Tulipofika Dzaleka nilikuwa na mikono miwili na kile nilichofundishwa. Hakukuwa na mashine kubwa, lakini kulikuwa na maduka yenye frigo za kizee, na kila frigo ina mabomba yaleyale matatu, membamba tu. Nilitengeneza moja, nikatengeneza nyingine, na watu wakaanza kusema yule Mkongo anajua gesi. Nikalipenda sana neno hilo. Nililipenda kupita kiasi. Tulipohamia Mtandire, mtaa wa Lilongwe, na kufungua atelye, karakana yetu, niliandika mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu: FUNDI WA GESI ZOTE. Mama yako alisoma, akaniuliza, "Zote? We unazijua zote?" Nikamwambia gesi ni gesi.

Wewe ulikulia chini ya meza ya atelye ile. Ulijua kusoma saa ya presha kabla ya kujua kusoma saa ya ukutani. Nilikufanyia kama nilivyofanyiwa, nilikushika mkono nikauweka kwenye bomba. Siku moja, ulikuwa bado mdogo, ulitoka chini ya meza ukaniuliza, "Papa, hii hewa tunapumua, nayo inaweza kuwa maji?"

Nilikuwa na bisibisi mdomoni. Nilikujibu, "Inaweza. Ukiikandamiza sana, gesi yoyote inakuwa maji."

Ukaridhika. Nami nikaridhika. Sikujua kwamba jibu lile lingekuja kutukuta wote wawili mbele ya kitanda cha mama yako.

Ulikuwa shule ya msingi mwaka ule mama alipougua mapafu. Alianza na kikohozi, tukamnywesha chai ya tangawizi, kikageuka homa, na siku moja midomo yake ikabadilika rangi. Dereva mmoja jirani yetu alitupeleka hospitali. Walimlaza, wakamwekea bomba la oksijeni puani, na mtungi mrefu ukasimamishwa pembeni ya kitanda. Nesi alikuwa msichana wa Kimalawi mwenye sauti ya taratibu. Alituonyesha saa iliyokuwa juu ya mtungi, akaweka kidole kwenye sehemu nyekundu, akasema kwa Kichewa, na wewe ukanitafsiria: "Amesema, mushale ukikaribia hapa pekundu, tumuite. Tusingoje ufike."

Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nilicheka kidogo. Binti yule alikuwa ananifundisha saa ya presha, mimi, fundi wa gesi zote.

Mchana ule wodi ilikuwa na watu wengi, na nesi alikuwa upande wa pili akihangaika na mgonjwa mwingine. Mama yako alilala. Mshale ulianza kushuka. Niliuona, na sikuogopa hata kidogo, kwa sababu jambo hilo nililijua. Mtungi wa gesi ya frigo una maji ndani. Ukitoa gesi haraka, yale maji yanachemka, mtungi unapoa, na presha inashuka. Haimaanishi gesi imekwisha. Unaupasha mtungi joto kidogo, unaufunika na kitambaa cha maji ya vuguvugu, na mshale unapanda wenyewe. Nimefanya hivyo mara nyingi sana. Basi nikachukua kitenge cha mama yako, kile cha kijani chenye ndege, nikauzungushia mtungi wa oksijeni, nikaufunga fundo vizuri.

Ukaniuliza, "Papa, unafanya nini?"

"Mutungi umepoa. Ninaupasha joto. Sasa hivi mushale utapanda."

Ukaingiza mkono chini ya kitenge, ukaushika mtungi. Nakumbuka uso wako. Uliutoa mkono, ukaurudisha tena mahali pengine, chini zaidi.

"Papa, haina baridi."

"Ina baridi."

"Haina. Weka mukono."

Sikuweka. Hili ndilo jambo ambalo limebaki kwangu miaka yote hii, Sifa. Mkono wangu ulikuwa karibu na ule mtungi kama kalamu hii ilivyo karibu na karatasi, na sikuuweka. Kuuweka kungekuwa kukubali kwamba sijui. Nilikuambia, "Kaa chini, Sifa. Hii ni kazi yangu."

Ulikaa. Mshale ukashuka tena. Ulikuwa unautazama mshale, unamtazama mama yako, unanitazama mimi. Halafu ukasimama, bila kuniomba ruhusa, ukakimbia kati ya vitanda, na nikakusikia ukiita kwa Kichewa sauti ikiwa imekatika. Nesi alikuja mbio. Alikuta kitenge kwenye mtungi. Alikifungua, akakiweka kitandani, akageuka akaita mtu kwa nguvu, na mtungi mwingine ukaja kwenye kigari. Walibadilisha wakati mshale wa ule wa kwanza ulikuwa umeingia kwenye nyekundu. Mama yako alikuwa amefumbua macho na anavuta hewa kwa mabega. Kisha mtungi mpya ukafunguliwa, na mabega yakatulia polepole, na nesi akasema, "Musadandaule, bambo." Usiwe na wasiwasi, baba. Aliniambia mimi, si wewe. Aliona nani ameogopa zaidi.

Fundi aliyesukuma kigari aliitwa Bambo Mbewe. Nilimfuata nje, kwenye kibaraza cha kuwekea mitungi, na wewe ukanifuata kwa sababu bila wewe tusingeelewana. Nilitaka kujua. Nilimwambia, kupitia mdomo wako, kwamba mimi ni mtu wa gesi, na mtungi ukishuka presha ni kwa sababu maji ya ndani yamepoa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akajibu, nawe ukageuka kwangu na kusema pole pole, kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika: "Amesema humo ndani hamuna maji, Papa. Ni gesi tupu. Imebanwa tu. Mushale ukishuka, njo imepunguka. Kweli kabisa imepunguka."

"Basi kwa nini hawaikandamizi zaidi, iwe maji?"

Mbewe alicheka, lakini alicheka kama mtu aliyewahi kuuliza swali hilohilo. Alisema hata ungeweka lori juu yake, hata ungeweka mlima, oksijeni ya joto hili haitakuwa maji. Itabanwa tu. Lazima kwanza uipoze, uipoze kupita barafu, kupita kitu chochote ambacho mkono wako umewahi kugusa. Ikishapoa kiasi hicho, hapo ndipo presha inaweza kusaidia. Alisema aliwahi kupelekwa mafunzo Afrika Kusini akaiona ndani ya chombo cha kioo. Ina rangi ya buluu hafifu sana, na inachemka huku ikiwa baridi kuliko kitu chochote.

"Buluu?" ulimuuliza, kwa Kiswahili, ukasahau kutafsiri.

Nilikutazama. Mama yako alikuwa kitandani, baba yako alikuwa ameaibika, na wewe ulikuwa umesimama katikati ya mitungi ukiwaza hewa ya buluu. Nafikiri siku ile ndipo ulipoanza kuondoka kwetu. Sikusikia mlango ukifunguliwa, lakini nafikiri ilikuwa pale.

Mama yako alipona, nashukuru. Alipopata nguvu za kuongea, jirani wa kitanda alimsimulia, naye akanicheka mbele ya wodi nzima: "Mi ninakosa pumuzi, bwana yangu anavalisha mutungi kitenge!" Wagonjwa wakacheka, hata wasiojua Kiswahili. Nami nikacheka. Lakini sisi wawili, mimi na wewe, hatukuwahi kulizungumza. Wewe uliniheshimu, mimi nilijificha nyuma ya heshima yako. Nilifuta tu lile neno ukutani. Uliporudi kutoka shule ulikuta imebaki FUNDI WA GESI na alama ya rangi nyekundu pale ZOTE ilipokuwa. Ulichukua brashi ukapaka chokaa juu ya ile alama, ikatoweka vizuri.

Miaka michache baadaye, ukiwa sekondari, ulikuja na kitabu cha fizikia umekikumbatia. "Papa, nimeipata," ukasema. "Kila gesi iko na joto yake ya mwisho. Ukiwa juu ya hiyo joto, presha yote ya dunia haifanyi kitu. Ya frigo iko juu sana, njo maana kwako inakuwa maji hivi hivi. Ya oksijeni iko chini kabisa." Ukakaa kwenye kiti hiki, ukanichorea. Ndiyo mara ya kwanza nilipofundishwa na mtoto wangu, na nilisubiri kuona kama itauma. Haikuuma. Ilikuwa kama Papa Mulonda amenishika mkono tena. Ningekuambia hivyo siku ileile. Nilikuambia uende ukachote maji.

Najua sasa kwamba mtu anayekijua kitu kimoja vizuri yuko hatarini kuliko asiyejua chochote. Anapoona kitu kingine kinachofanana, anadhani ni kile chake. Kule unakokwenda watakuwepo watu wanaojua mengi, na siku moja utakuwa mmoja wao. Mtoto wa mtu, au mfagiaji, au mgeni asiyejua lugha vizuri atakuambia, weka mkono. Mkono hauna gharama, Sifa. Uweke tu.

Halafu ikaja amri ya wakimbizi wote kurudi kambini. Tuliifunga atelye ya Mtandire kwa haraka, vitu vingine tukaacha, tukarudi huku kwenye vumbi la Dzaleka ambako ulizaliwa. Nilikasirika muda mrefu. Sikumkasirikia mtu, nilikasirikia kuanza upya, kwa mara ya tatu katika maisha. Wewe ndiye uliyefungua atelye hii. Mimi nilikuwa nimelala nikiutazama ukuta, na wewe ulitafuta mbao, ukaongea na mwenye kibanda, ukaleta frigo ya kwanza kwa kabaza, imefungwa nyuma ya baiskeli kama mgonjwa. Nilitoka kuitazama kwa sababu ulikuwa umeanza kuifungua vibaya. Nilipokuambia unaharibu, ulitabasamu. Leo ninaamini ulifanya makusudi.

Tangu hapo tulifanya kazi meza moja. Hatukuongea sana. Uliposema "Papa", nilijua kwa namna ulivyolisema kama unataka koleo au unataka niangalie kitu. Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo tangu Uvira, na sikujua kama ninaruhusiwa kumwita binti yangu rafiki, kwa hiyo sikukuita.

Sasa nifike kwenye ile siku ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimeinama kwenye kompresa. Uliingia na simu mkononi, ukasimama mlangoni, na jua lilikuwa nyuma yako hata sikuuona uso wako. Ukasema, "Papa, mi nimechaguliwa. Ni ile masomo ya Kanada. Ni kwenye gesi, Papa, njo ile ya kupoza hewa mpaka inakuwa maji. Ya mahospitali."

Nami nikasema, "Nipe funguo ya kumi na mbili."

Ulinipa ile spana. Ulisimama kidogo, kisha ukatoka. Mama yako, aliyekuwa nje anapepeta mchele na alisikia yote, aliingia na ungo mkononi. "We bwana! Mutoto anakuletea habari ya furaha, unamuomba funguo? Una moyo gani?"

Niliweka ile funguo chini, wala sikuwa na haja nayo. Nilitoka, nikatembea mpaka njia inayokwenda Dowa, nikakaa kwenye jiwe nikitazama malori. Nataka ujue nilichokuwa nacho moyoni, kwa sababu umeishi na ile funguo miezi yote hii na umenihudumia chakula kwa heshima ileile. Sikuwa nimekasirika. Sikufikiri kazi ya atelye itafanywa na nani. Nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, na papo hapo nilikuwa nimeanza kukukumbuka, wewe uliyekuwa hatua chache kutoka kwangu. Sikujua mtu anaweza kumkumbuka aliye mbele yake. Vitu vile viwili viliniingia pamoja na nikashindwa kutoa hata kimoja. Jioni nilikuambia, "Nimesikia." Kwa miezi yote hii, hilo ndilo neno langu lote. Mtu mwenye akili angekuambia: Nenda, mama yangu. Ni vizuri. Nimefurahi mpaka nimeumia.

Basi nimekuambia.

Nisikufiche kitu kingine. Kuna watu walioondoka hapa wakaandika mwaka wa kwanza kila wiki, mwaka wa pili kwenye sikukuu, halafu basi. Wazazi wao wananiambia, vijana wamebadilika. Mimi siamini kwamba wamebadilika. Naamini wanaona aibu kwa kukaa kimya, na kila siku ya kimya inaifanya simu iwe nzito zaidi kuinua. Mimi ni bingwa wa kimya, kwa hiyo nasema kwa ujuzi. Ikikutokea, na itakutokea, usitafute sababu wala maneno ya kuomba radhi. Piga tu useme, "Papa, leo nimekula mkate na yai." Nitauliza yai lilikuwa la kuchemsha au la kukaanga. Tutaanzia hapo.

Na siku watakapokuonyesha ile hewa ya buluu, itazame vizuri. Usiitazame kama mwanafunzi tu anayeandika. Itazame pia kama mtu aliyetumwa. Kisha uniambie kama kweli inachemka, na moshi wake unaelekea juu au chini, na kama ukiwa umesimama karibu unasikia sauti yoyote. Kitabu chako hakikusema kama ina sauti. Mama yako anasema swali hilo ni la kijinga. Uliza hivyohivyo.

Kuhusu sisi, usituwaze tukiwa tumekaa tunalia. Mama yako ana kwaya na ana ushonaji wake. Mimi nina frigo ya mwenye duka la Fanta, inayonisumbua, inapoza siku mbili halafu inakataa. Nadhani ni vali, lakini sina hakika. Nimemwambia mwenyewe kwamba sina hakika, akaniangalia vibaya, akaiacha hata hivyo. Kesho gari likishakuchukua getini, nitarudi hapa nianze kuifungua. Ukiwa angani, fahamu kwamba nina kitu mkononi.

Nilikuwa na mengine. Nilitaka kukuandikia habari za bibi yako ambaye una jina lake, namna alivyokuwa akivuka mto Kalimabenge na mimi mgongoni, na kwa nini mpaka leo nakuita mama hata nikiwa nakugombeza. Lakini nasikia sauti zenu njiani. Mama yako anacheka sana, kwa hiyo amelia huko mlikotoka. Wewe umesimama unamshukuru mtu wa kabaza, na sasa unasalimia wale Warundi wa nyumba ya pembeni, kila mmoja kwa jina lake, hata mtoto wa mgongoni.

Naacha hapa. Barua hii nitaiingiza kwenye mfuko wa lile koti kubwa ulilopewa, utaikuta huko mbele. Mlango wa atelye umejifunga kwa upepo na nataka nikaufungue, niusimamie, nikuangalie ukiingia, leo, wakati bado unaingia.

Papa yako